Kadi ya kliniki, Piaget, Vygotsky au Erikson: ipi ikusaidie kumfuatilia mtu anayekua?

Mtoto wa miaka sita amekaa kando ya meza ya mama yake, soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mama amepima dagaa kwa kopo moja, mafungu mawili yamelingana, na mtoto ameona. Kisha mama analitandaza fungu la pili lichukue nafasi mezani. "Mama, hili sasa limekuwa kubwa," mtoto anasema.

Muuguzi akisikia hivyo ataangalia kama mtoto ana afya na anasikia vizuri. Mwalimu wa saikolojia atasema umri wake ndivyo ulivyo. Mwalimu wa darasa atatafuta namna ya kumvusha. Bibi yake atasema msimcheke, mtamvunja moyo. Wote wanne wako sahihi, kwa kuwa kila mmoja anajibu swali tofauti. Tatizo linaanza pale mzazi, mwanafunzi wa ualimu au mlezi wa kituo cha watoto anapochukua jibu la mmoja akalitumia kwa swali la mwingine: kadi ya kliniki inatumika kupimia akili, orodha ya Piaget inatumika kumwita mtoto mzito, umri wa Erikson unatumika kumhukumu kijana.

Ulinganisho huu wa kadi ya kliniki na wanasaikolojia watatu, Piaget, Vygotsky na Erikson, ni wa anayetaka kujua achukue ipi, kwa nani na lini.

Maneno ya kutenganisha kwanza

Ukuaji ni mwili kuongezeka: kilo, sentimita, mzingo wa kichwa. Unapimwa kwa mizani na utepe. Maendeleo, ambayo wengi huyaita makuzi, ni uwezo kubadilika: kukaa, kusema, kufikiri, kuishi na wenzake. Kupevuka ni yale yanayokuja kwa ratiba ya mwili wenyewe, kama meno, balehe na ukomo wa hedhi. Kujifunza hutokana na mazoezi na watu wanaomzunguka. Haya manne huenda pamoja ila si kwa mwendo mmoja. Binti wa miaka 13 anaweza kuwa na mwili wa mtu mzima na bado akawa na fikra na hofu za mtoto, na watu wazima wengi hukosea hapo hapo kwa kumsemesha mwili wake badala ya kumsemesha yeye.

Mpangilio wa mabadiliko hautofautiani sana kati ya mtu na mtu, ila muda hutofautiana. Nguvu huanza kichwani kushuka: shingo, mgongo, kisha miguu. Huanza katikati kwenda pembeni pia: mtoto hupiga kitu kwa mkono mzima kabla ya kuweza kuokota punje ya mchele kwa kidole gumba na cha shahada, jambo ambalo kwa kawaida huja kati ya miezi 9 na 12.

Mipaka ya hatua za maisha, kwa upande mwingine, imechanganya maumbile na sheria. Siku 28 za kwanza ni za mtoto mchanga. Huo ni mpaka wa kitabibu. Lakini mtoto kuitwa mtoto hadi afike miaka 18 ni Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, na mzee kuanzia miaka 60 ni Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003. Hakuna kitu kinachogeuka mwilini usiku wa kuamkia siku hizo.

Vigezo

Kila njia nimeiuliza maswali yale yale: inatazama nini, inafika umri gani, inatumikaje kwa mikono yako, inapotosha wapi, na inamfaa nani. Sikuuliza ipi ni ya kweli zaidi. Swali hilo ni la wasomi na halikusaidii ukiwa na mtoto mapajani.

Kadi ya kliniki

Hii ndiyo njia ambayo karibu kila mzazi tayari anayo nyumbani, mara nyingi kwenye mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha kuzaliwa. Inatazama mwili: uzito kila mwezi, na chanjo. BCG, yaani ya kifua kikuu, na polio ya kwanza anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu surua na rubela miezi 9 na miezi 18. Inamfuata mtoto hadi miaka mitano, baada ya hapo haina la kusema.

Ukiisoma, usisome nukta moja, soma mwelekeo wa mstari. Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda sambamba na mistari iliyochapishwa yuko salama kuliko mnene ambaye mstari wake umelala. Mtoto kwa kawaida hufikia mara mbili ya uzito wa kuzaliwa karibu na mwezi wa tano, na mara tatu karibu na mwaka mmoja. Aliyezaliwa na kilo 3 utegemee kilo 6 hivi, kisha 9 hivi. Mstari ukilala miezi miwili mfululizo usikimbilie kumwongezea uji peke yake. Uliza kama ameharisha, kama amepata homa ya malaria, kama ameachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 upo pia utepe wa mkono: mzingo wa chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, apelekwe siku hiyo hiyo. Kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri, naye anahitaji kufuatiliwa.

Kwa stadi za mwili, vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 vilitokana na watoto wenye afya wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kukaa bila kushikwa: kati ya miezi 3.8 na 9.2. Kusimama bila kushika kitu: 6.9 hadi 16.9. Kutembea mwenyewe: 8.2 hadi 17.6. Tazama upana wa namba hizo. Watoto wawili wazima kabisa wanaweza kupishana miezi tisa katika kutembea, na majirani wakawa tayari wameshatafuta mchawi. Wapo pia, kama 4 katika kila 100, ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Walitoka kukaa wakaenda kusimama.

Inapotosha wapi? Kwanza kwenye upimaji wenyewe. Mizani haikurudishwa sifuri, au mwezi huu mtoto kapimwa na sweta na nepi iliyolowa na mwezi uliopita alikuwa mtupu. Urefu chini ya miaka miwili hupimwa mtoto akiwa amelala, kuanzia miaka miwili akiwa amesimama, na tofauti ya vipimo hivyo ni kama sentimita 0.7. Mtoto aliyetimiza miaka miwili wiki iliyopita anaweza kuonekana amepungua urefu, wakati kilichobadilika ni namna ya kumpima. Pili ni kwa mtoto njiti. Aliyezaliwa wiki ya 32 amewahi wiki nane, kwa hiyo akiwa na miezi sita mlinganishe na mtoto wa miezi minne, na uendelee kupunguza hivyo hadi miaka miwili. Wazazi wengi wa watoto njiti hukosa usingizi kwa sababu tu hakuna aliyewaelekeza hesabu hiyo.

Tatu, mazingira. Utafiti uliofanywa kwa Wakipsigisi wa magharibi mwa Kenya miaka ya 1970 ulionyesha watoto wao wakikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani, lakini si katika kutambaa. Mama zao walikuwa wanawafundisha kukaa kwa makusudi, hata kwa kuchimba kishimo na kukizungushia nguo ili mtoto asianguke. Kwa hiyo mtoto wa kwenye mlima wa mawe pale Mabatini, anayebebwa mgongoni kwa sababu nje ya mlango ni mteremko, akichelewa kutambaa, mpe kwanza mkeka na sakafu kabla ya kumpa jina la ugonjwa.

Inamfaa mzazi wa mtoto chini ya miaka mitano na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Kwa maoni yangu hakuna nadharia inayoweza kuchukua nafasi yake katika umri huo. Ila iache kazi yake iwe hiyo.

Piaget

Jean Piaget (1896–1980), Mswisi, alitazama jinsi mtoto anavyofikiri, si kiasi anachojua. Alivutiwa na majibu yasiyo sahihi ya watoto kwa kuwa yalifanana miongoni mwa watoto wa umri mmoja. Njia yake inaanza kuzaliwa na kuishia ujanani, kwa hatua nne.

Hadi miaka miwili mtoto anafikiri kwa mikono, mdomo na macho. Ficha kijiko chini ya kanga mbele ya mtoto wa miezi mitano, hatakitafuta. Karibu na miezi minane ataifunua kanga. Kati ya miaka 2 na 7 ana maneno na michezo ya kuigiza, jiwe linakuwa gari, lakini anavutwa na kitu kimoja anachokiona. Ndiyo maana fungu lililotandaa ni "kubwa", na ndiyo maana ukimpa achague kati ya sarafu tano za 100 na moja ya 500 atachukua zile tano kwa furaha. Kati ya 7 na 11 anaanza mantiki ya vitu anavyoweza kuvishika. Kuanzia 11 au 12 anaweza kufikiri juu ya lisilokuwepo: "kama ziwa lingekuwa la chumvi, ingekuwaje?"

Jaribio la kuhifadhi kiasi, yaani kuelewa kwamba kiasi hakibadiliki umbo likibadilika, unaweza kulifanya nyumbani kwa dakika tano. Chukua glasi mbili zinazofanana na chupa moja nyembamba. Jaza glasi zote maji kwa kiwango kimoja, na umwache mtoto aongeze au apunguze hadi yeye mwenyewe aseme yamelingana. Hatua hiyo usiiruke. Mimina glasi moja kwenye chupa mbele yake. Uliza: "Sasa yamelingana, au moja ina maji mengi?" Akijibu, uliza sababu, kwa maana sababu ndiyo jibu lenyewe. "Yamelingana kwa sababu hukuongeza" au "kwa sababu ukiyarudisha yatakuwa vile vile" ni mantiki imeshafika. "Yamelingana" bila sababu inaweza kuwa bahati. Uelewa wa idadi huja mapema, karibu na miaka 6. Wa maji na udongo karibu na 7. Wa uzito karibu na 9. Wa ujazo karibu na 11. Kwa hiyo mtoto yule yule anaweza kuwa amevuka kwenye mafungu ya dagaa na hajavuka kwenye mizani, na hilo ni kawaida.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Ukimuuliza mtoto swali lile lile mara mbili, kabla na baada ya kumimina, naye amezoea kwamba mwalimu akirudia swali maana yake jibu la kwanza limekosewa, atabadilisha jibu ili akupendeze. Utafiti wa mwanasaikolojia Patricia Greenfield kwa watoto wa Kiwolofu nchini Senegali, uliochapishwa mwaka 1966, ulionyesha mambo mawili ambayo kila mwalimu wa huku kwetu angefaa kuyajua. Watoto walipomimina maji wenyewe, walijibu vizuri zaidi kuliko mtu mzima alipomimina. Na wasiokwenda shule walikwama walipoulizwa "kwa nini unafikiri hivyo?" lakini walijibu walipoulizwa "kwa nini iko hivyo?" Halikadhalika, watoto wa wafinyanzi nchini Mexico waliwahi kuelewa kwamba udongo haubadiliki kiasi ukibadilishwa umbo, maana wameushika tangu wadogo. Mtoto wa mwalo anaweza kuwa na akili ya dagaa kabla ya kuwa na akili ya chupa na glasi. Mpime kwa kitu anachokijua na kwa lugha anayoiota. Kama nyumbani ni Kisukuma au Kikerewe, muulize kwa hicho.

Kosa la pili ni kuyageuza makadirio ya miaka kuwa tarehe ya mtihani. Mtoto wa miaka 7 na nusu anayekosea kwenye maji hajachelewa chochote.

Inamfaa mwalimu wa awali na madarasa ya chini, na anayetunga maswali. Inamfaa pia mzazi anayedhani mtoto wa miaka minne ni mbishi. Mara nyingi si ubishi, ni kwamba hawezi kushika vitu viwili kichwani kwa pamoja.

Vygotsky

Lev Vygotsky alizaliwa mwaka ule ule na Piaget, 1896, katika nchi ambayo leo ni Belarusi, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934. Yeye alitazama kilicho kati ya watu. Kwake uwezo huanza kwa wawili, mtoto na anayemsaidia, kisha huhamia ndani ya mtoto. Huwezi kubandika ukutani orodha yake ya hatua kama unavyobandika ya Piaget, na hiyo ndiyo faida na hasara yake: inatumika kwa mtoto wa miaka mitatu na kwa fundi mwanafunzi wa miaka ishirini na mitano.

Kitu cha kushika ni pengo kati ya analoweza peke yake na analoweza akisaidiwa. Mafunzo yawekwe kwenye pengo hilo. Chukua mtoto wa miaka minane anayejifunza kurudisha chenji gengeni. Bidhaa ya shilingi 1,500, kapewa 2,000: anarudisha 500 bila kufikiri. Bidhaa ya 1,300: anakwama. Hapo ndipo pa kufundishia, si kwenye 1,500 na wala si kwenye noti ya 10,000. Msaada utoe kwa ngazi, ukianza na mdogo kabisa. Kaa kimya kwa muda, uhesabu hadi kumi moyoni. Kisha uliza, "Ukitoka 1,300, ngapi ifuate?" Akishindwa, onyesha sarafu. Akishindwa tena, anza naye: "1,400, 1,500..." na umwachie amalizie kwa sarafu ya 500 hadi 2,000. Mwishowe ahesabu alichonacho mkononi, 700. Kesho yake shuka ngazi moja ya msaada. Baada ya wiki hivi toa mkono kabisa, kama mafundi wanavyobomoa jukwaa ukuta ukishakauka.

Jambo jingine alilolitilia mkazo ni mtoto anayejisemea kwa sauti. Kati ya miaka 3 na 7 hivi utamsikia akifunga viatu huku akinong'ona, "huyu apite huku, vuta." Hayo ndiyo mawazo yenyewe, bado hayajaingia ndani. Baadaye yanakuwa mnong'ono, kisha kimya. Mwalimu anayeamuru ukimya kamili darasa la awali wakati watoto wanachora anawanyang'anya kifaa cha kazi. Wanong'one.

Njia hii inaharibika msaada usipoondolewa. Mtoto anajifunza kungoja. Inaharibika pia msaidizi akimaliza kazi mwenyewe kwa sababu wateja wanasubiri. Katika darasa lililofurika mwalimu hawezi kumpimia kila mtoto pengo lake, hivyo awapange wawili wawili, aliyeelewa jana na anayejaribu leo, si aliyefaulu sana na aliyeshindwa kabisa, kwa kuwa umbali wao ni mkubwa mno. Na kuna hatari ninayoitaja bila kuzunguka: kauli ya "anajifunza kazi" hutumika kufunika ajira ya watoto. Kuhesabu chenji Jumamosi mchana ni kujifunza. Kukesha ziwani kwenye mtumbwi wa karabai ni kazi ya hatari, sheria inaikataza kwa aliye chini ya miaka 18, na usingizi anaoupoteza ndio ambao ubongo wake ungeutumia kutunza alichofundishwa shuleni.

Inamfaa mwalimu, mlezi wa kituo, na yeyote mwenye mwanafunzi wa ufundi. Haimfai anayetaka kujua kama mtoto ni mzima.

Erikson

Erik Erikson (1902–1994), mzaliwa wa Frankfurt aliyefanya kazi Marekani, ndiye pekee kati ya hawa anayekwenda hadi mwisho wa maisha. Anatazama moyo na jamii: kila umri una swali lake ambalo mtu hulijibu kwa namna anavyotendewa.

Mwaka wa kwanza swali ni, je, dunia inaaminika? Miaka miwili na mitatu: naweza mwenyewe, au niaibike? Miaka mitatu hadi mitano: nithubutu, au nijione mkosaji? Umri wa shule ya msingi: nina bidii, au mimi ni duni? Ujana: mimi ni nani? Utu uzima wa mwanzo: nitakuwa karibu na mtu, au mpweke? Utu uzima wa kati, takriban miaka 40 hadi 65: ninalea kinachokuja, au nimedumaa? Uzeeni: maisha yangu yamekuwa na maana, au ninajuta? Mkewe, Joan, baadaye aliongeza hatua ya tisa kwa walio katika miaka ya themanini na tisini, mwili unapoanza kumrudisha mtu kwenye maswali ya mwanzo, likiwamo la kumwamini anayemlisha.

Kuhusu swali la kwanza, ushahidi mmoja mkubwa ulipatikana ng'ambo ya ziwa letu hili hili, Ziwa Victoria. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikaa vijijini karibu na Kampala akiwatembelea mama 26 na watoto wao 28. Aliona mtoto akimwacha mama, akitambaa kuchunguza, akirudi kumgusa, akitoka tena. Mama ni kituo ambacho mtoto huondokea na kurudia. Mtoto ambaye mama yake alikuwa makini kwa mahitaji yake hakuwa mlialia. Alikuwa jasiri wa kuondoka. Huo ndio utafiti ninaowaonyesha wanaoamini kwamba kumbeba mtoto anayelia ni kumdekeza.

Namna ya kuitumia si kupima, ni kusikiliza: jiulize ni swali lipi linamsumbua mtu huyu sasa, na nini katika siku yake kinampa jibu. Kijana wa miaka 16 wa Igoma anayebadilisha nywele, marafiki na ndoto ya kazi kila mwezi anajaribu majibu. Hatari iko kwa yule aliyefungiwa jibu kabla hajauliza, na kwa yule ambaye hana hata moja baada ya miaka mingi. Mwanafunzi aliyeambiwa "huna akili" tangu darasa la pili anaingia ujanani na jibu la uduni mkononi, na kijana wa namna hiyo hushika utambulisho wowote unaompa heshima, hata wa kijiwe kibaya.

Inapotosha kwenye miaka yake. Iliandikwa kwa kutazama zaidi jamii za Magharibi za karne ya 20. Huku mtoto wa miaka tisa anaweza kuwa mlezi wa mdogo wake kila alasiri, na mama wa miaka 19 yuko kwenye ukaribu, ulezi na utambulisho kwa wakati mmoja. Usimwambie ameruka hatua. Tena, maswali hayafungwi moja kwa moja. Aliyefiwa au kuachika akiwa na miaka 50 anarudi kwenye "mimi ni nani" upya. Na haitoi kipimo chochote: huwezi kuandika kwenye fomu kwamba mtu amefaulu hatua ya tano.

Kwa uzee Erikson anahitaji kuongezewa mwanasaikolojia Paul Baltes (1939–2006), aliyesisitiza kwamba kila umri una faida na hasara, hata wa utotoni. Mtu anayezeeka vizuri huchagua machache, huyafanyia mazoezi, na hufidia kilichopungua. Mzee aliyeacha kuvua anaweza kubaki fundi wa nyavu: anapokea nyavu za aina moja tu anayoijua, anashona asubuhi mwanga ukiwa mzuri, anavaa miwani ya kusomea. Kazi ni chache kuliko zamani na bado ni yake.

Inamfaa mzazi wa kijana balehe, afisa ustawi wa jamii, mshauri, kiongozi wa dini, na anayemtunza mzazi aliyezeeka.

Mafungu mawili ya dagaa, tena

Kwa mtoto yule wa Mwaloni: kadi ingejibu kama mwili wake unakua vizuri, lakini ameshapita umri wake. Piaget anasema jibu lake ni la kawaida kwa miaka sita. Vygotsky anasema ukimpa kopo ayapime mafungu yote mwenyewe, atasogea leo hii. Erikson anasema namna mama anavyolipokea jibu itabaki hata dagaa wakiisha. Mama akitaka kutumia moja tu dakika ile, nami nikiulizwa, ningempa kopo. Jioni nyumbani ningempa ile ya Erikson.

Kwa hali yako

Mtoto wako ana chini ya miaka mitano na una wasiwasi wa afya au kuchelewa: kadi, na usisubiri nadharia. Apelekwe bila kungoja kliniki ya mwezi ujao ikiwa amevuka miezi tisa na nusu hajakaa bila kushikwa, amefika miezi 18 hatembei, hageuki kwa sauti au jina lake, hana neno hata moja akiwa na miezi 18, au, kubwa kuliko yote, amepoteza stadi aliyokuwa nayo. Aliyekuwa akisema "mama" na "maji" akaacha, huyo ni wa leo. Anza zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa. Kwa Mwanza njia hiyo inafika Sekou Toure na hatimaye Bugando.

Unafundisha awali au darasa la kwanza, ambalo kwa mtaala ulioanza mwaka 2024 huanza na miaka sita: chukua Piaget kwa kupanga vifaa na Vygotsky kwa kupanga msaada. Vizibo, kokwa za embe na vijiti kwanza, tarakimu baadaye.

Unasoma ualimu na mtihani unakutaka ulinganishe Piaget na Vygotsky: tofauti yao kubwa ni mwelekeo. Kwa Piaget maendeleo hutangulia na mafunzo hufuata; kwa Vygotsky mafunzo mazuri huyavuta maendeleo. Ongeza mfano wako, si wa kitabuni.

Una kituo cha kulelea watoto mchana na umri wao umechanganyika: kwa walio chini ya miaka miwili shika swali la kwanza la Erikson, maana yake mlezi yule yule kila siku, na kilio kiitikiwe. Kwa wakubwa, Vygotsky, kwa sababu mchanganyiko wa umri ni msaada wa bure. Kadi za wote zikaguliwe siku ya kuandikishwa.

Una kijana wa miaka 12 hadi 19 aliyebadilika ghafla: Erikson kwanza, lakini tenganisha kutafuta utambulisho na ugonjwa. Kugombana na kupenda faragha ni umri. Kutolala au kulala mchana kutwa, kuacha kula, kuacha kila alichokipenda kwa wiki mbili au zaidi, au kusema afadhali afe, hayo ni ya hospitali.

Unakaribia kustaafu, iwe kwa hiari miaka 55 au kwa lazima 60 kama mtumishi wa umma: soma hatua ya saba ya Erikson pamoja na Baltes mwaka mmoja au miwili kabla, si baada. Chagua sasa kazi mbili au tatu utakazobaki nazo, na mtu wa kumfundisha mojawapo.

Umemleta mzazi mzee mjini kutoka Ukerewe au Sengerema na anaonekana kunyong'onyea: usianze na dawa za nguvu. Uliza kwanza amepoteza kazi gani, marafiki gani na uamuzi gani tangu ahame, umrudishie hata kimoja, kama kuchagua samaki sokoni mwenyewe. Kisha tofautisha usahaulifu. Kusahau jina la jirani mpya na kulikumbuka jioni ni uzee wa kawaida. Kupotea njia ya nyumbani anayoipita kila siku, kurudia swali moja mara kumi kwa saa, au kuvaa nguo kinyume bila kugundua si uzee wa kawaida, na kukianza ghafla ndani ya siku chache kunaweza kuwa maambukizi, upungufu wa maji mwilini au kiharusi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na dawa zote anazomeza ziende naye kwenye mfuko mmoja.